Tangazo la Uongo na Mchukuzi Wake

Wahenga walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Walinena hayo zamani za masoko ya vikapu na mikeka, wakati mnunuzi alipoweza kuishika bidhaa mkononi, akainusa, akaionja, na kumtazama muuzaji usoni. Siku hizi kibaya hakijitembezi kwa miguu yake, maana kimepata wa kukibeba. Kwanza kilibebwa na gazeti, baadaye na redio, na leo chabebwa na simu iliyomo mfukoni. Kijana hufungua simu yake atazame picha za rafiki zake, akakuta katikati ya picha hizo sura ya mtu mashuhuri, akiahidi kwamba shilingi elfu moja zitazaa elfu kumi kwa juma moja. Mtu yule mashuhuri hana habari. Sura yake imeibwa, sauti yake imeigizwa kwa mashine, na fedha zikiisha kutumwa ni nadra sana kurudi.

Juu ya mwongo mwenyewe hatuna ubishi. Huyo ni mwizi, na sheria za kila nchi zamjua hivyo. Swali lililo gumu, ambalo insha hii yakusudia kulichunguza, lahusu mtu wa pili. Yeye aliyeupokea uongo ule, akaupa nafasi, akaueneza na kulipwa ujira wake, je, ana lawama au hana? Wengi hudhani kwamba swali hili limezaliwa pamoja na mitandao ya kijamii. Kwa kweli lina umri wa zaidi ya miaka mia moja, na majibu yaliyotolewa zamani ndiyo yaliyotufikisha hapa tulipo.

Tuanze Uingereza. Katika miaka ya 1889 na 1890 homa kali ya mafua ilienea duniani na kuua watu wengi, na hofu yake ilikaa mioyoni mwa watu kwa muda mrefu. Mwezi wa Novemba 1891 gazeti la London liitwalo Pall Mall Gazette lilichapisha tangazo la kampuni moja iliyouza kijipira chenye unga wa dawa. Mtumiaji alikiminya na kuvuta unga ule puani, nacho kiliitwa Carbolic Smoke Ball. Kampuni iliahidi kumlipa pauni 100 mtu yeyote atakayeugua mafua baada ya kukitumia mara tatu kila siku kwa majuma mawili. Na ili watu waamini, ilisema kwamba imekwisha kuweka pauni 1,000 benki kwa ajili ya malipo hayo. Bibi Louisa Carlill alikinunua, akakitumia kama alivyoelekezwa, na Januari 1892 mafua yakamshika. Alipodai haki yake, kampuni ilijitetea kwamba maneno yale yalikuwa mbwembwe za biashara tu, wala hayakuwa ahadi. Desemba 1892 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba ahadi ni ahadi, na mama yule akalipwa pauni zake 100.

Wanafunzi wa sheria husoma kesi hiyo hadi leo, pamoja na wale wa vyuo vikuu vya Kenya, kwa maana yafundisha jinsi mapatano yanavyofungwa. Lakini sisi tuitazame kwa jicho jingine. Katika kesi nzima mshtakiwa alikuwa mmoja, naye ni mwenye bidhaa. Gazeti lililoufikisha ujumbe nyumbani kwa wasomaji halikuitwa mahakamani, wala hapana aliyeona ajabu. Lilihesabiwa kuwa mchukuzi, na mchukuzi haulizwi kilichomo ndani ya gunia.

Desturi hiyo ilikua zaidi Marekani. Katika karne ya 19 zilienea huko dawa za chupa zilizouzwa madukani na kwa posta, ambazo watengenezaji wake hawakulazimika kumwambia mtu zilichanganywa nini. Baadhi yake zilikuwa na pombe nyingi, na baadhi zilitiwa kasumba au kokeini. Sharubati moja iliyojulikana kwa jina la Mrs. Winslow iliuzwa kwa kina mama wapate kuwatuliza watoto wachanga wanaoota meno, nayo ilikuwa na mofini. Watoto walinyamaza kweli, na wako walionyamaza wasiamke tena.

Dawa hizo zilienezwa hasa na magazeti, na sababu yake yafaa kuelezwa vizuri, kwa maana ndiyo mzizi wa habari yetu yote. Gazeti la siku zile liliuzwa kwa bei ndogo sana, isiyotosha gharama za karatasi, wino na mishahara. Upungufu ulijazwa na wenye matangazo, na miongoni mwao wauza dawa walikuwa walipaji wakubwa. Basi msomaji alijiona kuwa ndiye mteja wa gazeti, kumbe mteja mwingine alikuwa nyuma ya pazia, na kilichouzwa kwa mteja huyo kilikuwa ni macho ya msomaji. Mitandao ya leo isiyodai ada yaendeshwa kwa hesabu hiyo hiyo.

Mfano mmoja watosha kuonyesha jinsi uongo ulivyotunzwa. Katika mji wa Lynn, jimbo la Massachusetts, Bibi Lydia Pinkham alianza mwaka 1875 kuuza dawa ya mitishamba kwa maradhi ya wanawake. Ndani yake mlikuwa na pombe ya kutosha kumlevya mnywaji. Picha yake, uso wa mama mpole aliyevaa nadhifu, ilichapishwa magazetini, na wanawake walishauriwa wamwandikie Bibi Pinkham shida zao za siri. Mama huyo alifariki mwaka 1883, lakini mwaliko haukufa pamoja naye. Wanawake waliendelea kuhimizwa wamwandikie Bibi Pinkham kwa miaka zaidi ya 20, hata mwaka 1905 jarida la Ladies' Home Journal lilipochapa picha ya kaburi lake. Msomaji akumbuke kaburi hilo kila aonapo katika simu sura ya daktari au mtangazaji maarufu akisifu dawa au biashara asiyoijua. Uso unaoaminiwa ulikuwa bidhaa kabla mashine za leo hazijabuniwa.

Jarida hilo liliweza kusema kwa kuwa lilikuwa limekwisha kujifungua. Mwaka 1892, chini ya mhariri wake Edward Bok, lilitangaza kwamba halitapokea tena matangazo ya dawa za aina hiyo. Lilikubali hasara, na halikufilisika. Jambo hili ni la kukumbukwa, kwa maana wachukuzi wengi walidai kwamba biashara ya habari haiwezekani bila fedha hizo.

Mwaka huo wa 1905 jarida jingine, Collier's, lilianza kutoa makala za mwandishi Samuel Hopkins Adams juu ya udanganyifu wa dawa. Adams alikadiria kwamba Wamarekani wangetumia dola milioni 75 kwa dawa hizo mwaka ule. Lakini habari iliyowashtua watu zaidi ilitolewa Novemba na mwandishi Mark Sullivan, naye alifichua mikataba iliyofungwa kati ya wauza dawa na wenye magazeti. Ndani ya mikataba hiyo mlikuwa na kifungu kilichopigwa chapa kwa wino mwekundu. Kilisema kwamba mkataba utavunjika endapo jimbo litatunga sheria ya kuzuia utengenezaji au uuzaji wa dawa zile. Kwa kifungu hicho kila mwenye gazeti aligeuzwa kuwa askari wa muuza dawa bila kuvaa sare. Mswada ulipoletwa bungeni, gazeti lilijua kwamba ukipita, fedha zitakatika. Huko Massachusetts wabunge walijadiliana juu ya mswada wa kuwalazimisha wauza dawa waandike juu ya chupa kilichomo ndani, na karibu magazeti yote yakanyamaza kama kwamba hapana lililotokea.

Hapo ndipo twaona kwamba jina la mchukuzi lilikuwa limekwisha kupoteza maana yake. Mchukuzi wa kweli hajali gunia lina nini. Gazeti lililotia sahihi chini ya wino mwekundu lilijua, na lililipwa ili lisiseme.

Ghadhabu ya wananchi ilizaa matunda. Tarehe 30 Juni 1906 Rais Theodore Roosevelt alitia sahihi sheria ya usafi wa vyakula na dawa, iliyowataka watengenezaji waandike juu ya chupa kiasi cha pombe, kasumba, mofini na sumu nyingine kadhaa. Walakini sheria ile ilihusu maandishi ya chupa. Haikugusa maneno ya magazetini. Muuza dawa aliyeogopa kusema uongo juu ya karatasi ya chupa aliweza kuusema katika gazeti la asubuhi, na mnunuzi akaenda dukani na uongo ule tayari kichwani.

Iliwachukua Wamarekani miaka 32 kuuziba mwanya huo. Mwaka 1938 sheria iliyoitwa Wheeler-Lea iliipa Tume ya Biashara ya nchi hiyo uwezo wa kuyazuia matangazo ya uongo ya dawa, vyakula na vipodozi. Lakini katika sheria hiyo hiyo bunge liliwatoa wachapishaji na wenye redio. Hao hawangeshtakiwa kwa tangazo la uongo walilolieneza, isipokuwa wakikataa kuitajia Tume jina na anwani ya mwenye tangazo. Haki yatutaka tuitazame na hoja ya upande wao. Mhariri si mganga wala mkemia, na akilazimishwa kujibu kwa kila neno la kila mteja, huenda akaogopa kuchapa lolote. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo tuangalie sharti lililoambatana na msamaha ule. Mchukuzi alisamehewa maadamu anamjua aliyempa mzigo na yuko tayari kumtaja.

Miaka 58 ilipita. Mwaka 1996, intaneti ilipokuwa ingali changa, bunge la Marekani lilitunga sheria ambayo kifungu chake cha 230 chasema kwamba mwenye huduma ya mtandao hatahesabiwa kuwa mchapishaji wa maneno yaliyoletwa na mtu mwingine. Wakati huo Facebook haikuwako, maana ilianza mwaka 2004, na YouTube ilianza mwaka 2005. Wabunge walifikiria mabaraza madogo ambamo watu huandikiana, nao walitaka uhuru wa watu kusema ulindwe. Kusudi lilikuwa jema. Lakini chini ya mwavuli ule ule ulioshonwa kwa ajili ya maneno ya watu, likaingia na tangazo lililolipiwa. Na sharti la kumjua mwenye mzigo halikuandikwa.

Matokeo yake hayakukawia. Mwaka 2018 Martin Lewis, Mwingereza mashuhuri anayewashauri watu juu ya matumizi ya fedha, aliishtaki Facebook, kwa kuwa jina na picha yake vilikuwa vikitumiwa katika matangazo ya ulaghai, yakiondolewa leo na kurudi kesho. Mwaka 2019 aliiondoa kesi baada ya kampuni kukubali kutoa pauni milioni 3 kwa kazi ya kuwasaidia waliotapeliwa, na kuweka njia ya kuyaripoti matangazo hayo nchini Uingereza. Tajiri wa madini wa Australia, Andrew Forrest, naye alishtaki huko California kwa sababu kama hiyo. Mwaka 2024 jaji alikataa kuitupa kesi yake kwa ajili ya kifungu cha 230, akiona kwamba yafaa kwanza kuchunguzwa kama vyombo vya kampuni vilisaidia kuyatengeneza matangazo yale. Ruhusa ya kusikilizwa si hukumu, lakini mlango uliofungwa kwa muda mrefu ulifunguka kidogo.

Kisha, Novemba 2025, shirika la habari la Reuters lilitoa habari za hati za ndani za Meta, kampuni yenye Facebook, Instagram na WhatsApp. Kwa mujibu wa habari hizo, kampuni yenyewe ilikadiria mwishoni mwa 2024 kwamba karibu asilimia 10 ya mapato yake ya mwaka huo, yaani kama dola bilioni 16, yangetokana na matangazo ya ulaghai na ya bidhaa zilizokatazwa. Hati moja ilikadiria kwamba matangazo yenye dalili kubwa za utapeli yalionyeshwa mara bilioni 15 kila siku. Tena zilieleza kwamba mwenye tangazo alifukuzwa pale tu mashine zilipokuwa na hakika ya asilimia 95 kwamba ni tapeli. Yule aliyeshukiwa kwa kiasi kidogo kuliko hicho alitozwa bei kubwa zaidi. Meta ilijibu kwamba makadirio yale yalikuwa ya juu juu na yalijumuisha mengi mno, kwamba hati zilizotolewa zaonyesha upande mmoja tu, na kwamba katika mwaka 2025 ilikuwa imeondoa matangazo ya ulaghai zaidi ya milioni 134.

Hata tukipunguza hesabu zile kwa nusu au zaidi, jambo moja labaki. Nafasi ya tangazo katika mitandao huuzwa kwa mnada unaofanywa na mashine kila mara mtu afunguapo ukurasa. Atakayelipa zaidi, au atakayetazamiwa kumvuta mtazamaji zaidi, ndiye hupewa nafasi. Gazeti la 1905 lilimwonyesha kila msomaji ukurasa ule ule; tajiri na maskini, mzima na mgonjwa, wote waliona chupa moja. Mtandao wa leo humchagua wa kumwonyesha. Aliyebonyeza tangazo la mkopo wa haraka huletewa jingine kama hilo, na aliyekwisha kuvutwa mara moja hutafutwa tena. Mtu anayeendesha mnada, akawajua wanunuzi mmoja mmoja, akamkaribisha kila mmoja kwa udhaifu wake, haitwi mchukuzi katika Kiswahili. Huyo ni dalali, na dalali huulizwa mali aliyoinadi imetoka wapi.

Nchi kadhaa zimeanza kuuliza. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2023 juu ya usalama wa mitandaoni yaitaka mitandao mikubwa izuie matangazo ya ulaghai yaliyolipiwa. Australia ilitunga sheria mwaka 2025 ya kuyabebesha wajibu pamoja mabenki, makampuni ya simu na mitandao ya kijamii, na faini yake yaweza kufika dola milioni 50 za nchi hiyo. Faini ya namna hiyo ina maana. Adhabu ikiwa ndogo kuliko faida, mfanyabiashara huihesabu kuwa sehemu ya gharama zake, kama alipavyo umeme na kodi ya nyumba.

Na sisi Kenya je? Sheria ya mwaka 2018 juu ya makosa ya kompyuta yamwadhibu tapeli mwenyewe, naye hukamatwa mara kwa mara. Kila mwaka mitihani ya taifa ikaribiapo, Baraza la Mitihani huwaonya wanafunzi na wazazi juu ya watu wanaotangaza mitandaoni kwamba wana karatasi za mtihani za kuuza. Mwaka 2024 serikali ilikwenda mbali zaidi, na makampuni ya simu yaliagizwa kuufunga mtandao wa Telegram kwa saa za mitihani. Huko matapeli hawakulipia nafasi kama katika mnada, lakini funzo ni lile lile. Mwenye nyumba asipoifagia nyumba yake, serikali hufunga mlango mzima, na wapangaji wasio na kosa hulala nje pamoja na wevi. Yule mchuuzi aliyepokea maagizo ya wateja wake kwa mtandao ule, na yule mwanafunzi aliyesomea humo, walipoteza siku zao kwa uzembe usiokuwa wao.

Madhara ya tangazo la uongo hayaishii katika fedha zilizopotea. Familia iliyouza ng'ombe ili kijana apate kazi ya ughaibuni, ikalipa ada kwa ofisi isiyokuwako, hupoteza ng'ombe, hupoteza matumaini, na mara nyingi hupoteza amani ya nyumbani, kwa kuwa kila mmoja hutafuta wa kulaumiwa. Baadaye wakala wa kweli akija na kazi ya kweli, hapana atakayemwamini. Hivyo uongo mmoja huharibu soko la wasema kweli wengi.

Ni kweli kwamba yampasa kila mtu awe macho. Anayetaka kazi ng'ambo na atazame kwanza kama wakala yumo katika orodha ya Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Anayeahidiwa faida ya ajabu na aulize kwa nini mwenye siri hiyo hajitajirishi mwenyewe kimya kimya. Anayeona tangazo la uongo na aliripoti, tena ahifadhi picha yake kuwa ushahidi. Lakini tusikubali kuambiwa kwamba macho ya msomaji ndiyo dawa pekee. Kina mama waliowanywesha watoto wao mofini hawakuwa wapumbavu. Walisoma gazeti waliloliamini, na gazeti lilikuwa limelipwa. Maonyo yalitolewa kwa miaka mingi na chupa zikaendelea kuuzwa, mpaka watu watatu walipofanya kila mmoja sehemu yake: mhariri aliyekubali kupoteza fedha, mwandishi aliyeufichua mkataba, na mbunge aliyepiga kura.

Ninyi mnaosoma kurasa hizi darasani, miaka michache ijayo baadhi yenu mtakuwa wahariri, wengine waandishi, wengine wabunge, na wengine mafundi wa mashine hizo zinazoendesha mnada. Siku moja mtaletewa mkataba wenye fedha nyingi na kifungu kidogo ndani yake. Hakitakuwa na wino mwekundu, kwa maana waandikao mikataba wamejifunza. Kisomeni hata hivyo, mwulize ni nani atakayelipa gharama yake, na mjibu kabla ya kutia sahihi.